Ernst May na nyumba ya vipande aliyomwundia Mwafrika

UKIUFUATA Mto Ewaso Ng'iro kutoka Isiolo hadi mji mdogo wa Merti, utaona aina mbili za makao zikisimama jirani. Kuna chumba cha matofali ya saruji chenye paa la mabati, ambacho ifikapo saa nane mchana hakikaliki, wenyewe wakatoka nje kutafuta kivuli cha mgunga. Na kuna nyumba ya asili ya wafugaji: fito ndefu zilizopindwa zikawa kuba, zikafungwa kwa kamba, kisha zikavikwa mikeka. Mikeka hiyo huinuliwa upande unaovuma upepo, ikashushwa upande wa jua na vumbi. Malisho yakiisha, akina mama huifungua nyumba nzima kipande kwa kipande na kwenda kuisimamisha kwingine.

Wasomi wa usanifu majengo wana msamiati mrefu wa kuuelezea ujenzi wa namna hii. Kwa lugha nyepesi, ni nyumba ya vipande vinavyofanana, vinavyotengenezwa mapema na kuunganishwa upesi, ambayo umbo lake limeamuliwa na jua, upepo na mvua ya mahali ilipo. Katika karne ya 20, wataalamu wengi wa Ulaya waliitafuta nyumba hiyo kwa njia ya kiwanda. Mmoja wao aliishi hapa Afrika Mashariki takriban miaka 20, akaacha majengo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Moshi na Kampala. Alikuwa Mjerumani Ernst May. Kwao jina lake limekuwa sehemu ya historia ya taifa. Kwetu hutajwa zaidi katika kumbi za vyuo vikuu, na hilo si haki, kwa kuwa swali alilolishughulikia akiwa hapa bado halijapata jibu.

May alizaliwa Frankfurt, mji wa kando ya Mto Main, Julai 27, 1886. Alisoma London, Darmstadt na Munich. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alifanya kazi nchini Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa miji ya bustani, yaani mitaa ya wafanyakazi iliyopangwa ili kila kaya ipate mwanga, hewa safi na kipande cha udongo. Funzo hilo hakuliacha maisha yake yote. Baada ya vita alipelekwa jimbo la Silesia, mashariki mwa Ujerumani ya wakati huo, kujenga makao ya watu wa mashambani kwa gharama ndogo. Huko ndiko alikoanza kuamini kwamba fundi anayechora kila nyumba upya huku maelfu ya watu wakilala nje ni fundi anayepoteza wakati.

Mwaka 1925, akiwa hajatimiza miaka 40, aliitwa nyumbani. Meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi idara ya ujenzi ya jiji pamoja na mamlaka ambayo wasanifu wachache duniani wamewahi kupewa. Katika muda wa miaka mitano tu, nyumba zipatazo 15,000 zilijengwa. Kasi hiyo ilitokana na kiwanda. Badala ya kupanga tofali juu ya tofali, May aliagiza mabamba makubwa ya zege jepesi yafinyangwe kwa vipimo vya aina moja: urefu wa mita tatu, kimo cha mita 1.1 na unene wa sentimita 20. Winchi iliyainua, mafundi wakayapanga, ukuta ukasimama. Milango, madirisha, vitasa na hata majiko vilitengenezwa kwa vipimo vya pamoja, ili kitu cha mtaa mmoja kiweze kutumika katika mtaa mwingine.

Katika idara hiyo alikuwamo mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyebuni mwaka 1926 jiko dogo la mita 1.9 kwa 3.4 ambamo kila chombo kilikuwa na mahali pake. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalifungwa katika nyumba za Frankfurt, na karibu kila jiko la kisasa tunaloliona leo katika nyumba za ghorofa za Nairobi ni mjukuu wake.

Lakini May hakuwa mtu wa kiwanda pekee. Mtaa wa Römerstadt aliupinda kufuata bonde la mto mdogo wa Nidda. Westhausen aliielekeza safu za nyumba ili kila moja ipate jua la asubuhi upande mmoja na la jioni upande wa pili. Katika nchi ya baridi, jua ni mali, na May aliligawa kama mtu anayegawa urithi. Oktoba 1929, wasanifu kutoka nchi nyingi walikutana mjini humo kujadili kiasi cha chini kabisa cha nafasi, mwanga na hewa ambacho binadamu hapaswi kunyimwa. Dosari ilikuwa kodi. Pamoja na ujanja wote wa kiwanda, kibarua asiye na ujuzi hakuimudu, na wengi waliohamia humo walikuwa makarani na mafundi wenye mshahara wa uhakika. Dosari hiyo ilimfuata May hadi Afrika.

Mwaka 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka, alikubali mwaliko wa Umoja wa Kisovieti na kuondoka na kundi la wenzake kwenda kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk, mji wa chuma katika eneo la Urali. Kazi ilikuwa kubwa kuliko vifaa. Saruji haikufika, mipango ilibadilishwa kutoka juu, na kufikia mwisho wa 1933 alikuwa amekata tamaa. Kurudi kwao hakukuwezekana. Adolf Hitler alikuwa ametwaa madaraka mwezi Januari mwaka huo, na kwa wafuasi wake May alikuwa mkomunisti aliyeijaza Frankfurt mapaa bapa yasiyo ya Kijerumani.

Mwanzoni mwa 1934 alifika Tanganyika na familia yake. Mtu aliyewahi kusimamia ujenzi wa jiji zima sasa alikuwa mkulima karibu na Arusha. Ni vigumu kupata mshuko mkubwa kuliko huo katika maisha ya msanifu yeyote wa kizazi chake, lakini miaka hiyo ya shamba ilimfunza alichokosa darasani. Aliona jua la utosini, ambalo ni adui wa ukuta mwembamba. Aliona mvua inayopiga kwa ubavu. Mambo yote aliyoyajua kuhusu kuelekeza nyumba ilibidi ayageuze: Frankfurt alilikaribisha jua ndani, hapa kazi yake ilikuwa kulifungia mlango na kuuacha upepo upite.

Mwaka 1937 alihamia Nairobi na kufungua ofisi, kisha akajijengea nyumba Karen. Wateja wake wa kwanza walikuwa walowezi na matajiri, na jengo la ghorofa la Delamere Flats ni la enzi zake za Nairobi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Uingereza haikujali kwamba May alikuwa amewakimbia wafuasi wa Hitler. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, alihesabiwa kuwa adui na kuwekwa kizuizini kwa takriban miaka miwili.

Alipoachiwa, mambo yalikuwa yamebadilika. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilikuwa imemchukulia Mwafrika wa mjini kama mpita njia: mwanamume aje peke yake, apewe nafasi ya kitanda, afanye kazi, kisha arudi kijijini. Migomo ya wafanyakazi, ukiwemo ule wa Mombasa wa 1939, pamoja na msongamano wa miaka ya vita, viliwalazimisha wakuu wa serikali kukiri kwamba watu hawa walikuwa na wake na watoto, na kwamba walihitaji nyumba. Fedha zilikuwa haba na mafundi wachache. Hapo ndipo May alipolitoa tena wazo lake la Frankfurt, safari hii likiwa limevaa umbo la Kiafrika.

Mnamo 1945 alibuni nyumba ya mabamba ya kuangika. Mbavu za zege zilizopinda zilisimamishwa zikielekeana na kukutana juu, kisha mabamba membamba yakaangikwa juu yake kwa kulabu, moja juu ya jingine, kama magamba ya samaki. Ukuta na paa vikawa kitu kimoja. Umbo zima lilifanana na msonge ulioinuliwa na kurefushwa, na May alilichagua kwa makusudi. Aliamini kwamba Mwafrika anayetoka kwenye msonge angeipokea kwa urahisi nyumba inayoukumbuka msonge. Vipande vilikuwa vya aina chache, kwa hiyo vibarua wasio na ujuzi mkubwa wangeweza kuviunganisha. Zege lingestahimili mchwa na moto, maadui wawili wa makuti, nyasi na miti.

Nyumba ya mfano ilijengwa. Kuenea, haikuenea.

Ili kuelewa kwa nini, turudi kwanza kaskazini mwa Kenya, ambako nyumba ya vipande ilikuwa imeenea zamani kabla ya kiwanda chochote cha Frankfurt. Miongoni mwa Wagabra na Warendile, majirani wa Waborana, fito za nyumba zikifunguliwa hugeuzwa kuwa matandiko ya kubebea mzigo juu ya ngamia, na mikeka ikakunjwa juu yake. Hakuna kipande chenye kazi moja tu. Kila fito na kila mkeka una uzito ambao mwanamke anaweza kuuinua, na ukivunjika au kuchakaa, yeye mwenyewe huutengeneza upya kwa mti au nyuzi zilizoko karibu. Yeye ndiye msanifu, fundi na mwenye nyumba, na kipimo cha nyumba ni urefu wa fito na nguvu za ngamia.

Bamba la May lilidai saruji iliyosagwa kiwandani, nondo, kalibu za kufinyangia na lori la kusafirisha. Bamba likipasuka, aliyeishi ndani hakuwa na uwezo wa kufinyanga jingine. Angengoja bwana ujenzi aje. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, hapo ndipo penye kasoro, wala si katika umbo au katika hesabu za joto. May alikigawa kitu kizima katika vipande, lakini hakuugawa uwezo wa kukitengeneza. Nyumba ilibaki kuwa ya yule mwenye kiwanda.

Hakuwa peke yake. Mfaransa Jean Prouvé alibuni nyumba za chuma na alumini kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa, zenye kuta za kutelezesha na tundu la paa la kutolea joto. Ni tatu tu zilizosimamishwa, moja Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville mwaka 1951. Mojawapo ilinadiwa New York mwaka 2007 kwa karibu dola milioni tano za Marekani. Nyumba iliyokusudiwa kuwa nafuu kwa nchi za joto ikaishia kuwa pambo la tajiri.

Yafaa pia kusema kwamba wenye ujuzi wa asili hawakuachwa waendelee nao kwa amani. Mwaka 1966, wakati wa vita vya shifta, serikali ya Kenya iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vijiji vilivyowekewa ulinzi, Merti na Garba Tula zikiwemo. Mifugo mingi iliangamia, na bila ngamia nyumba ya kuhamishwa haihamishiki. Ukame uliofuata katika miongo iliyokuja, ukiwemo ule mkali ulioanza mwishoni mwa 2020, ukamalizia kazi hiyo kwa familia nyingi. Bati likachukua nafasi ya mkeka kwa sababu mtu aliyelazimishwa kukaa mahali pamoja hana haja ya nyumba nyepesi, na kwa sababu bati ni alama ya maendeleo. Leo mwalimu au muuguzi wa Merti, kama mfanyakazi mwingine yeyote wa mshahara nchini, hukatwa asilimia 1.5 ya mapato yake chini ya Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024. Ana haki ya kuuliza kama michoro ya nyumba hizo inatofautisha kati ya baridi ya Limuru na joto la Merti, au kama ni ukuta mmoja na dirisha moja kwa nchi nzima. Swali hilo May angelielewa upesi kuliko maofisa wengi.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimwita kupanga upanuzi wa Kampala, na ripoti yake ikachapishwa 1947. Alivisoma vilima vya Kololo na Naguru kama mkulima anavyosoma shamba lake: barabara zifuate miinuko, mabonde yaachwe kuwa ya kijani, nyumba zikae pale upepo unapopita, kila mtaa uwe na shule na soko lake. Hadi hapo ni Ernst May wa Römerstadt. Lakini katika mpango huohuo, Naguru ilikuwa ya Waafrika na Kololo ya Wazungu na Wahindi, na yale mabonde ya kijani yakawa pia mipaka kati ya watu na watu. May aliamini kwamba Mwafrika alikuwa safarini kuelekea ustaarabu na kwamba nyumba ingemlea hatua kwa hatua hadi afike. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya ubaguzi wa kisiasa hakuona, au hakutaka kuona, ubaguzi uliokuwa chini ya kalamu yake. Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa mtu wa zama zake. Utetezi huo ni mwepesi mno: Waganda waliokuwa na nyumba nzuri za kujijengea wenyewe katika kibuga cha Mengo, kilima cha jirani, walikuwa mbele ya macho yake.

Ajabu ni kwamba kazi zake bora hapa ni zile ambazo hazikumlea mtu yeyote. Huko Moshi, wakulima wa kahawa wa Kichagga waliokuwa na ushirika wao, KNCU, walitaka jengo la makao makuu linalolingana na hadhi yao. May aliwachorea. Hapo Mwafrika alikuwa mteja mwenye fedha zake na kauli yake, na jengo hilo linasimama katikati ya mji mpaka leo. Kisumu alijenga shule ya wasichana na kliniki ya uzazi za jumuiya ya Aga Khan, akikabiliana na joto la kandokando ya ziwa kwa kivuli na mikondo ya hewa. Mombasa alichora makazi ya Waafrika Tudor, na katika ufuo wa bahari akachora Oceanic Hotel, jengo jembamba lililopinda, vyumba vyake vikiitazama Bahari ya Hindi ili upepo wa kusi na wa kaskazi uingie. Mswahili wa Mji wa Kale, aliyekulia kwenye baraza na madirisha yenye vibao vya kuachia hewa, asingeona jambo geni sana katika fikra hiyo.

La mwisho kati ya makubwa ni Jumba la Makumbusho la Uganda, kwenye barabara ya Kira, Kampala, lililofunguliwa 1954. Ni jengo la chini, lililotandaa, lenye mwanga wa asili na hewa inayopita, lisilojaribu kumtisha mgeni. Ukiliweka kando ya zile mbavu za zege za 1945, utaona jinsi alivyokuwa ameacha kuiga umbo la msonge na kuanza kuuliza msonge unafanyaje kazi.

Jumba hilo lilipofunguliwa, May hakuwapo tena. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, vita vya Mau Mau vikiendelea, na Ujerumani Magharibi iliyobomolewa kwa mabomu ilihitaji nyumba kuliko wakati wowote. Aliondoka akakaribia miaka 68, akaajiriwa Hamburg na shirika la nyumba la Neue Heimat. Akarudia kazi ya ujana wake kwa kipimo kikubwa zaidi: alishiriki kupanga Neue Vahr mjini Bremen, mtaa wa nyumba 10,000 uliojengwa kati ya 1957 na 1962, na baadaye akapanga ukuaji wa miji ya Mainz na Wiesbaden. Wakosoaji walisema mitaa hiyo mipya ilikuwa mikubwa mno na haikuwa na roho ya Römerstadt. Kwa kiasi fulani walisema kweli.

Alifariki dunia Hamburg Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka 2003 ilianzishwa jumuiya inayobeba jina lake, ambayo imeirejesha nyumba moja ya Römerstadt katika hali yake ya awali, pamoja na lile jiko dogo.

Huku kwetu urithi wake haujatunzwa hivyo. Mwaka 2011, wapangaji wa mtaa wa zamani wa Naguru na wenzao wa Nakawa walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa, ili kupisha mji mpya. Mwaka huohuo serikali ya Uganda ilitangaza nia ya kulibomoa jumba la makumbusho na kuweka mahali pake jengo la biashara la ghorofa 60. Mashirika ya kiraia yalikwenda mahakamani kulipinga. Ghorofa 60 hazikujengwa, na watoto wa shule wa Kampala wanaendelea kupelekwa Kitante kutazama ngoma, mitumbwi na zana za mababu zao chini ya paa la Ernst May.